Kipimo cha Ziwa na Maji ya Bustani

Wengi wetu twaliona ziwa kila siku kutoka kilimani petu, nasi hudhani kwamba maji yake ni yale yale siku zote. Mvuvi hakubaliani nasi. Yeye ajua jiwe ambalo mwaka huu limefunikwa, na zamani alianikia nyavu zake juu yake. Watumishi wa idara ya maji nao hawakubaliani nasi, maana wao hutazama ubao wa vipimo na kuandika tarakimu siku baada ya siku. Katika makala haya nataka kueleza jinsi maji ya ziwa yanavyopimwa, na jinsi tarakimu iliyosomwa majini inavyoweza kufika nyumbani kwa mtu na kumwambia, "Leo usimwagilie bustani." Mwisho nitasimulia habari za tangi la shule yetu, ambalo lilinifundisha jambo hili kwa aibu.

Chombo cha kwanza cha kupimia ni chepesi kabisa. Ni ubao au bamba la chuma lililosimamishwa majini mahali penye utulivu, kwa mfano kando ya gati, nalo limechorwa mita na sentimita kama rula. Msomaji wa kipimo huenda kwa saa ile ile kila siku, akatazama maji yagusa alama gani, akaandika katika daftari. Kazi hiyo hata mtoto wa shule ya msingi aweza kuifanya. Ugumu uko katika mambo matatu.

La kwanza ni sifuri. Mtu akisikia kwamba Ziwa Viktoria limesoma mita 12 kwenye kipimo cha Jinja, hudhani kuwa hicho ndicho kina cha ziwa. Sivyo. Mahali pa ndani kabisa ziwa lina kina cha mita kama 80. Sifuri ya ubao ni alama tu iliyochaguliwa na watu, wala si sakafu ya ziwa. Lililo muhimu ni kwamba sifuri hiyo isihame. Kwa hiyo nchi kavu, juu ya mwamba au msingi wa jengo imara, hutiwa alama ya kudumu. Mashua ikiugonga ubao ukapinda, mafundi huurudisha mahali pake kwa kuulinganisha na alama ile. Bila hivyo, tarakimu za baba na tarakimu za mwana hazitaweza kulinganishwa.

La pili ni upepo. Upepo ukivuma kwa nguvu kutoka kusini huyasukuma maji kwenda kaskazini, yakapanda huku na kushuka kule, hali ziwa halikupata hata tone moja jipya. Kwa sababu hiyo vipimo huwekwa mahali pengi, na wataalamu hutafuta wastani wa siku nyingi kabla ya kusema kwamba ziwa limepanda au limeshuka.

La tatu ni uvumilivu. Tarakimu moja haisemi neno. Zikiwa za miaka mingi ndipo husema. Vipimo vya Ziwa Viktoria vimeandikwa tangu mwaka 1896. Tangu mwaka 1992 satelaiti nazo husaidia: chombo kilicho angani hutuma mawimbi ya redio yakagonga uso wa maji na kurudi, na kwa kuhesabu muda wa safari hiyo wataalamu hujua uso wa ziwa uko wapi. Hata hivyo ubao wa gatini haukuondolewa. Satelaiti hupita mahali pamoja baada ya siku kadhaa, bali ubao hautoki pale.

Sasa tuulize, sentimita moja ya ziwa ni kitu gani? Ziwa Viktoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi. Zidisha kwa sentimita moja, utapata mita za ujazo milioni 688. Shika hesabu hiyo, msomaji, tutairudia.

Maji hayo hutoka wapi na huenda wapi? Sehemu kubwa kabisa, kama nane katika kumi, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito, kama Kagera, huleta iliyobaki. Jua nalo huyageuza mvuke karibu kiasi kile kile kinacholetwa na mvua, na yanayosalia hutoka Jinja kuwa mto Naili. Mvua ikizidi kidogo kwa miaka michache, ziwa hupanda. Ndivyo ilivyokuwa mvua kubwa zilipoanza mwisho wa mwaka 1961: kufikia 1964 maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita mbili, na watu wa pwani za ziwa walihama mashamba yao. Mwaka 2020 maji yalipanda tena hata kuifikia na kuipita alama ya 1964.

Zamani ziwa lilijipimia maji ya kutoa. Mwamba wa maporomoko ya Ripon ulikuwa kama mdomo wa mtungi: ziwa likijaa, maji mengi humwagika; likipungua, machache. Kisha lilijengwa bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo leo laitwa Nalubaale, na Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua mwaka 1954. Mwamba ukaondolewa, na kazi ya mdomo wa mtungi ikawa mikononi mwa mtu mwenye kufungua na kufunga milango. Kwa hiyo serikali za Uingereza na Misri zilikubaliana kanuni: bwawa litoe maji kiasi kile kile ambacho mto ungetoa wenyewe kama bwawa lisingekuwapo. Ubao wa Jinja ukisoma hivi, maji yatoke hivi. Kanuni hiyo ilichorwa kwenye karatasi kama mstari wa hesabu, hata mtu asiyejua siasa angeweza kuifuata.

Basi sikilizeni lililotokea. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ziwa lilishuka zaidi ya mita moja, likafikia hali ambayo haikuonekana kwa miaka kama 80. Gati zilibaki juu ya matope, na meli zikashindwa kukaribia. Uganda ikaingia gizani, maana maji ya kusukuma mitambo yalipungua, na nyumba za mjini zilipata umeme kwa zamu. Watu walisema ni ukame, na kweli ukame ulikuwapo. Lakini wataalamu walipofanya hesabu waliona kwamba ukame ulileta karibu nusu tu ya hasara. Karibu nusu nyingine ilitokana na maji yaliyotolewa bwawani kupita kanuni, kwa sababu umeme ulihitajiwa sana. Jambo la kusikitisha ni kwamba hapana aliyeweza kusema, "Sikujua." Ubao ulikuwapo, ulisomwa, tarakimu ziliandikwa. Kilichokosekana ni utii.

Huo ni mfano wa serikali na ziwa. Lakini kopo la bustani laingiaje? Sisi tulio kando ya Ziwa Viktoria hatujapata kuambiwa kwamba ziwa limeshuka basi tusimwagilie maua. Ziwa letu ni kubwa mno kwa jambo hilo. Kwa mfano wa namna hiyo yatubidi kwenda Afrika Kusini, kwenye mji wa Cape Town, wenye watu zaidi ya milioni nne.

Cape Town hupata karibu maji yake yote katika mabwawa makubwa sita ya milimani. Kubwa kuliko yote ni Theewaterskloof, lenye zaidi ya nusu ya akiba yote. Yakijaa, mabwawa hayo sita yana mita za ujazo milioni 900 hivi. Rudini sasa katika hesabu yetu: mabwawa yote ya mji ule yakijaa ni sawa na sentimita moja na kitu ya Ziwa Viktoria, unene wa kidole! Juu ya kidole hicho mji mzima waishi, na mashamba ya jirani pia.

Kule mvua hunyesha wakati wa baridi, tangu Mei hata Agosti. Wakati wa joto ni ukavu mtupu. Mabwawa yalijaa mwaka 2014, kisha mvua za 2015, 2016 na 2017 zikawa haba, mwaka baada ya mwaka. Kila wiki wakuu wa mji walitangaza mabwawa yamebakiwa na asilimia ngapi. Kuipata asilimia hiyo si kusoma ubao tu. Bwawa la bondeni ni kama bakuli, pana juu na jembamba chini, kwa hiyo sentimita ya juu ina maji mengi kuliko sentimita ya chini. Mafundi huwa na jedwali la kugeuza kimo kuwa ujazo. Tena asilimia kumi za mwisho ni taabu kuzitumia, maana ni matope na mabaki.

Hebu tuone jinsi kanuni zilivyopanda ngazi kwa kadiri maji yalivyoshuka. Tangu Januari 2016 mwenye nyumba aliruhusiwa kumwagilia bustani siku tatu tu kwa wiki, kwa saa moja, asubuhi au jioni. Tangu Novemba 2016 mpira wa maji ulikatazwa. Atakaye kumwagilia achukue ndoo au kopo. Kufikia Juni 2017 ilikatazwa kabisa kumwagilia kwa maji ya kunywa ya mji, na kila mtu aliambiwa asipite lita 100 kwa siku kwa mambo yake yote. Tarehe 1 Februari 2018 zikawa lita 50. Kwetu tuseme jerikeni mbili na nusu, kwa kunywa, kupika, kuoga, kufua na choo.

Kwa nini bustani ilinyimwa kwanza? Kwa sababu mtu hawezi kuambiwa asinywe, lakini ua laweza kunyauka na mwakani likapandwa lingine. Tena mpira ukiachwa wazi kwa saa moja waweza kumwaga maji ambayo jamaa nzima ingeyatumia kwa siku kadhaa. Mwenye mpira haoni hasara, kwa kuwa maji yaingia ardhini kimya.

Mwezi wa Januari 2018 wakuu wa mji waliitaja Siku ya Sifuri. Walisema kwamba akiba ikifika asilimia 13.5, mabomba ya nyumba nyingi yatafungwa, na kila mtu atakwenda kupanga mstari kwenye vituo kama 200 ili apewe lita 25 kwa siku. Siku hiyo ilitajwa kuwa 22 Aprili, kisha ikavutwa mbele hata 12 Aprili. Watu waliingiwa na hofu, lakini hofu hiyo ilikuwa na tarakimu, kwa hiyo waliweza kufanya kazi nayo. Walioga wamesimama ndani ya beseni, na maji yale yakatumika chooni. Waliotumia maji kupita kiasi walitozwa fedha nyingi, na wengine walifungiwa chombo cha kupunguza maji. Wakulima wa upande wa Elgin walifungulia mji maji ya mabwawa yao, kama mita za ujazo milioni kumi. Mji ambao mwanzo wa mwaka 2015 ulitumia zaidi ya lita milioni elfu moja kwa siku ulishuka hata karibu nusu yake. Siku ya Sifuri ikasogezwa nyuma mara nyingi, kisha mvua za Juni zikanyesha, na siku yenyewe haikufika.

Siwasifu bila kuona upande wa pili. Watu maskini wa mji ule, wanaochota kwenye bomba la jumuiya, walikuwa wakitumia maji machache tangu zamani, wala hapakuwa na mtu wa kuwahesabia siku. Hata lita 25 walizoogopa wakubwa ni kiasi ambacho mama wengi wa vijijini kwetu hukibeba kichwani kila siku. Lakini somo labaki pale pale: ngazi ya kanuni iliandikwa, kila mtu aliijua, na wengi walishuka nayo kwa kadiri mabwawa yalivyoshuka.

Sasa nije nyumbani. Nyuma ya jiko letu pana tangi la saruji linalopokea maji ya mvua kutoka mabati ya kanisa na ya ukumbi wa kulia. Lina kimo cha mita 3 na upana wa mita 5. Maji ya mji tunayo, lakini mara nyingine hukatika, na hapo tangi ndilo tegemeo letu. Mwaka jana Bruda alinipa fito lenye alama za sentimita, akaniambia, "Kijana wangu, kila asubuhi upime, uandike." Nikapima, nikaandika kwa mwandiko mzuri. Nilijivunia daftari langu.

Jumatatu ya kwanza ya Februari fito lilisoma sentimita 180. Mvua hazikuwapo. Kila jioni bustani ya kabichi na maua yaliyo mbele ya ofisi yalimwagiliwa kwa mpira kwa muda wa saa moja. Yalitumiwa maji ya tangi kwa sababu maji ya mji hulipiwa, na ya tangi watu huyaita ya bure. Baada ya siku 30 fito lilisoma sentimita 42. Tarakimu zote hizo nilizo nazo hata leo, zimenyoka kama askari. Sikumwambia mtu, wala mtu hakuniuliza.

Ndipo pampu ya mji ikaharibika, maji yakakatika siku tisa. Sisi tu watu 400, na kwa kupika na kunywa peke yake twahitaji lita 5 kila mmoja, yaani lita 2,000 kwa siku. Sentimita moja ya tangi letu ni lita 196. Basi kila siku tangi hushuka kama sentimita 10. Katika zile 42, kumi za chini ni tope. Tulikuwa na siku tatu tu. Siku ya nne bomba la jikoni lilikohoa, likanyamaza. Tangu hapo wadogo wa kidato cha kwanza waliamshwa alfajiri kwenda ziwani na jerikeni, wakaingia majini hata magotini na kupanda kilima. Wengi waliharisha. Miezi kadhaa baadaye wanne kati yao walionekana na kichocho hospitalini. Mmoja wao ni mtoto wa shangazi yangu, na alipopona aliniuliza, "Kaka, si wewe uliyekuwa unapima?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa karani wa maji. Sikuwa mlinzi wake.

Baadaye niliupima mpira ule. Ulijaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 80, maana yake lita 900 kwa saa, karibu sentimita 5 za tangi. Kila jioni bustani ilikunywa maji ya kupikia na kunywa ya wanafunzi 180. Kama tusingeimwagilia, tungekuwa na maji ya siku 17, na ukame ule wa siku tisa tungeuona kama mchezo.

Nilimpelekea Bruda hesabu hiyo, naye akampelekea Mkuu wa Shule. Sasa ubavuni mwa tangi pameandikwa kwa rangi nyeupe maneno haya:

Juu ya 200: bustani yote, jioni, kwa kopo.
200 hata 120: mboga tu, mara mbili kwa wiki, kwa kopo.
120 hata 70: bustani ipate maji yaliyooshea vyombo na mikono tu.
Chini ya 70: kunywa na kupika peke yake, na Mkuu apewe habari siku ile ile.

Mpira wenyewe umefungiwa stoo. Tena imekubaliwa kwamba hapana awezaye kuibadili kanuni hiyo wakati wa ukame, awe kiranja au mwalimu wa bustani. Kanuni ya maji hutungwa tangi likiwa limejaa, watu wakiwa na akili tulivu. Ikitungwa tangi likiwa tupu huwa ugomvi, na mwenye sauti kubwa ndiye hupata maji.

Ninyi mliotutangulia, mlio na nyumba zenu na matangi ya bati pembeni, naomba mfanye hesabu kama hii mara moja tu. Pimeni upana wa tangi, mjue sentimita moja ni lita ngapi. Hesabuni watu wa nyumbani. Kisha andikeni ukutani ni alama gani itakayowafunga mkono. Kazi hiyo haimalizi saa moja. Fito bila kanuni ni pambo, na kanuni bila utii tumeona ilivyolifanya ziwa letu lenyewe.

Leo asubuhi fito limesoma sentimita 154. Maua ya mbele ya ofisi yamenyauka kidogo, na wageni huuliza kwa nini. Wadogo wa kidato cha kwanza ndio huwajibu, kwa maana kila mmoja wao amekwisha kuyasoma yale maneno ya ubavuni mwa tangi.